Sista Asiyeshika Funguo

Siku ya kwanza alipoingia wodini kwetu, Sista alitaja kosa lake kabla hajataja jina. Tulikuwa kwenye makabidhiano ya asubuhi, tumesimama kuizunguka meza ya wauguzi, waliokesha wanasinzia na sisi tulioingia tunawaza chai. Matroni akasema tumepata muuguzi mpya, tumkaribishe. Mgeni akajisogeza mbele, mwanamke mfupi mnene, ushungi mweupe umebanwa sawasawa chini ya kidevu, akasema kwamba huko alikotoka alikuwa akiwaibia wagonjwa dawa ya maumivu. Nusu anawadunga wao, nusu anajidunga mwenyewe. Alikamatwa, akatibiwa, na sasa yuko kwenye mpango wa uangalizi. Haruhusiwi kushika funguo za kabati la dawa kali.

"Nikiwaomba funguo, hata kwa utani, msinipe," alisema. Kisha akauliza tunaanza kuogesha kitanda kipi.

Wenzangu walitazama viatu vyao. Mimi nilimtazama yeye, maana lafudhi ile ya Kiingereza nilikuwa nimeijua: mtu wa Tanga huyu, hata angezaliwa upya Johannesburg. Hospitali yetu ilikuwa ndogo, na mtu pekee niliyekuwa nikisema naye Kiswahili pale ni mlinzi wa getini, Mkongo wa Bukavu. Badala ya kufurahi nilikasirika. Mimi ni msaidizi wa wauguzi tu, kazi yangu mashuka na mabeseni, lakini nina kiburi cha kwetu, na niliona ametuvua nguo Watanzania wote mbele ya watu. Nikamwambia hivyo hivyo jikoni mchana ule.

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mdogo wangu, mpango ulitaka nimwambie Matroni peke yake. Lakini Matroni naye ana shoga yake, na shoga yake ana shoga yake. Si afadhali wasikie kwangu? Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Jioni tukagundua sote tunakaa Mayfair, mitaa miwili tu kati yetu, tukarudi pamoja. Tangu siku ile, kwa miaka mitatu, tulikuwa tunakwenda na kurudi pamoja kila zamu zilipolingana.

Masharti yake niliyajua vizuri kwa sababu aliyalalamikia kama mtu anavyomlalamikia wifi. Kila alfajiri, akishasali, kabla hata ya chai, alitakiwa kupiga simu fulani. Sauti ya mashine ingemwambia kama leo ni zamu yake ya kupimwa. Ikiwa ni zamu yake, lazima afike maabara mjini kabla hawajafunga, akojoe kwenye kikopo huku mwanamke wa maabara amesimama mlangoni anamtazama. Asipokwenda, amefeli. Akienda mkojo ukagoma, amefeli. Akifeli, kesi inarudi kwenye kamati, na kamati ikitaka inaondoka na leseni yake moja kwa moja. Na Sista hakuwa na kazi nyingine anayoijua duniani. Alikuwa na binti wa kusomesha, na alikuwa na uuguzi. Basi.

Siku za kuitwa, mlinzi wetu alikuwa akimwona anatoka getini mbiombio mchana na mkoba wake kwapani.

"Sista, banakuita tena leo? Eish, hawa bantu habachoke!"

"Hawachoki, Papa. Na mimi sichoki. Tutaona nani atakaa chini wa kwanza."

Mlinzi alikuwa akimpigia saluti kama anapita waziri. Sista alijifanya hapendi, lakini nilimwona akinyoosha mgongo.

Alichokuwa hapendi kweli ni kupewa pole. Ukimwambia pole alikukata palepale: "Pole kampe aliyefiwa. Mimi nimefufuka." Hata namna alivyoingia kwenye balaa lile hakutaka kuisimulia. Nilimchimba miezi mingi ndipo akaniambia kwa ufupi. Aliumia mgongo akimnyanyua mgonjwa, akapewa vidonge, vidonge vikawa havitoshi, na sindano zilikuwa karibu. Akanyanyua mabega. Alisema hadithi ile haipendi kwa sababu inamfanya mwizi aonekane mgonjwa, na watu wakishamwona mgonjwa wanaanza kumtengenezea utakatifu.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Soweto, dereva mstaafu wa basi, kalazwa na mguu uliovunjika. Habari za Sista zilimfikia kitandani, sijui nani alimpelekea. Asubuhi Sista alipomwendea na sindano ya kuweka dripu, mzee akauficha mkono chini ya blanketi. Akasema kwa sauti ya kusikika wodi nzima kwamba hataki kuguswa na mla madawa.

Niliweka beseni chini nimjibu. Sista hakubadilika hata rangi. "Ni haki yako, Baba. Nitakuitia mwingine. Ila ujue jambo moja: katika wauguzi wote wa wodi hii, mimi ndiye pekee ninayepimwa. Hao wengine unawaamini kwa sura."

Mzee akawatazama wauguzi wengine, mmoja mmoja, taratibu, na wao wakaanza kutafuta kazi za kufanya. Kisha akautoa mkono. Sista aliupata mshipa mara moja, na mpaka mzee anaruhusiwa hakutaka mwingine amguse. Alikuwa akiulizia kila asubuhi, "Yupo wapi yule aliyepimwa?"

Msije mkadhani alikuwa mkweli wa kila kitu. Mtu huyu ambaye aliweza kusimama mbele ya wageni akasema nimeiba, alikuwa mwongo mkubwa wa mambo madogo. Umri wake ulipungua kila mwaka. Dada zake wote huko nyumbani walikuwa wakubwa kwake, hata wale niliokuja kujua kuwa ni wadogo. Na sambusa! Alituletea sambusa kazini akazisifia mkono wake, viungo vyake, unga alioukanda mwenyewe, wakati nusu ya Mayfair tulijua ni za mama mmoja Msomali mwenye duka karibu na msikiti. Siku moja tulipita pale dukani, na yule mama kwa wema wake akamuuliza mbele yangu kama sambusa za jana zilitosha.

"Zilitosha," alijibu Sista bila kupepesa. "Paka wangu alizipenda sana."

Nilicheka barabara nzima mpaka kwenye robot ya kona, taa za barabarani kama wanavyoziita huku. Yeye alinuna. Nadhani ule ukweli mkubwa ulimchosha, akahitaji mahali pa kupumzikia, na mimi sikuona dhambi kubwa kwenye sambusa.

Lakini wodini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulitania hata siku moja, nalo ni maumivu ya mtu. Hakuwa na funguo, kwa hiyo mgonjwa akiumia ilibidi amtafute sista mwingine aje afungue kabati na kudunga. Mchana mmoja mwanamke aliyetoka kupasuliwa alikuwa anauma shuka. Mwenye funguo yuko jikoni. Sista akamfuata.

"Anaumia."

"Nakuja, namalizia chai."

"Chai haiumwi."

Yule dada aliinuka, lakini kwa hasira, na maneno yakaanza. Wakasema Sista ana moto sana na dawa ile, anaitetea kama ndugu yake, lazima bado inamwita. Nikampelekea maneno hayo nikidhani atakasirika. Akafunga vifungo vya sweta.

"Wamesema kweli. Inaniita. Iliniita jana na kesho itaniita. Lakini yule mama ndiye anayeumwa, na mimi najua dawa isipofika mtu anakuwaje, maana niliwafanyia hivyo watu ambao hata majina yao nayakumbuka." Akaendelea kuwasumbua wenye funguo, na wao wakajifunza kunywa chai haraka.

Binti yake naye alikuwa na kipimo chake. Msichana wa sekondari, Kiswahili anakisikia chote na hakisemi, anajibu Kiingereza. Mama akirudi kazini, kabla hajavua viatu, binti alikuwa anamwambia amtazame. Alimshika kidevu, akamgeuzia kwenye taa, akamchungulia mboni za macho, maana alishajifunza kwamba dawa ile huzifanya ndogo kama ncha ya sindano. Mara ya kwanza nilipoona nilitaka kumkemea mtoto. Sista akanizuia kwa mkono. Alisema kamati inasoma mkojo, lakini huyu ndiye aliyekuwa analala njaa mama yake akiwa amezimia kwenye kochi, mwache asome anachotaka. Akayafungua macho kama mtoto anayeoneshwa mwezi, mpaka binti akaridhika na kwenda kuwasha jiko.

Ramadhani ya mwaka wake wa mwisho katika mpango ndiyo iliyotaka kumzamisha, na iliyomzamisha ni sisi, mashoga zake, na nia zetu njema. Alikuwa anafunga. Tulikaa naye kwenye futari ya siku za mwanzo, mimi na wanawake wa jengo alimokaa, tukaanza kuuliza: wakikuita mchana na koo limekauka, utakojoa nini? Asipotoa mkojo, amefeli. Basi kila mmoja akawa daktari. Huyu akasema daku anywe maji jagi zima. Yule akasema tikiti maji halina mpinzani. Mimi nikapika uji mwepesi wa kunywa kama chai. Sista akavila na kuvinywa vyote. Akaitwa, akaenda, mkojo ukatoka bila shida, tukapongezana.

Majibu yakaja: mkojo ni mwepesi kama maji, hausomeki. Kwa watu wa mpango, mtu ambaye mkojo wake ni maji ni mtu anayeosha kitu. Wakamwonya. Tukaogopa, na kwa akili zetu tukaona sasa hofu itamkausha asitoe hata tone, tukamwongezea tikiti. Akaitwa tena. Majibu yale yale. Hapo hawakuonya. Wakamsimamisha kazi, wakamwita mbele ya kamati.

Wanawake wa jengo wakamwambia afungue swaumu, Mungu kamruhusu mgonjwa, atalipa baadaye. Hata mimi nilimwambia. Alikataa kwa ukali ambao sikuwa nimeuona.

Nilimsindikiza kwenye kamati. Chumba kilikuwa ghorofani, watu watatu nyuma ya meza, mwenyekiti ni mwanamke mwenye miwani na sauti ya mwalimu mkuu. Niliruhusiwa kukaa nyuma. Nilikaa kama nashtakiwa mimi.

Mwenyekiti alimuuliza kwa nini anakunywa maji mengi hivyo kabla ya kupima. Sista akaeleza funga, akaeleza daku, akaeleza jagi na tikiti. Akaeleza hata uji wangu, nikatamani sakafu inimeze. Mmoja wa wale watu akauliza, kwa upole, kama dini yake haimruhusu mgonjwa kula.

"Inaniruhusu," alisema Sista. "Lakini nilipokuwa najidunga, nilikula Ramadhani mchana kweupe, halafu magharibi nakaa mezani na mwanangu nafuturu kama mfungaji. Niliwaibia wagonjwa, na nilimwibia Mungu pia. Leseni ni yenu, mkitaka kuichukua mtaichukua. Lakini hizi funga ni zangu, nimezipata kwa shida, na sitazitoa ili nionekane safi wakati mimi ni safi."

Nami nilikuwa nalia, sifichi.

"Mkojo unakunywa maji," akaendelea. "Nywele hazinywi. Kateni nywele zangu mkapime."

Wale watatu wakanong'onezana. Mwenyekiti akatoka kupiga simu, akarudi, akasema inawezekana, zitasema habari za miezi kadhaa nyuma, na zikikutwa na chochote hakutakuwa na kikao kingine. Je, ameelewa? Sista akasema ameelewa tangu jana, ndiyo maana ameziosha.

Tulipelekwa chumba cha pembeni, wanawake peke yetu. Akafungua pini, akashusha ushungi. Zilikuwa mvi tupu, tangu utosini mpaka kisogoni, na miaka yote aliyokuwa ameipunguza ikajitokeza pale kwa pamoja. Akaniona ninavyokodoa macho.

"Ukisema, nakuua," akaniambia kwa Kiswahili, na dada aliyeitwa kutoka maabara akamkata kishungi nyuma, chini kabisa karibu na ngozi.

Idi ilimkuta nyumbani, hana kazi, hana jibu. Nilitegemea nitamkuta kitandani. Nikamkuta amevaa gauni jipya la kijani, anapaka wanja, anamfokea binti kwa kuchelewa kutoka. Alisema amefunga mwezi mzima bila kuruka isipokuwa siku ambazo mwanamke huruka, na hiyo ni Idi yake hata kama kesho watampa ufagio afagie Johannesburg. Tuliswali pamoja. Aliwakumbatia watu wote mpaka yule mama wa sambusa, na mbele yangu akamwomba amfundishe kukanda unga.

Majibu yalikuja siku chache baadaye, kupitia kwa Matroni. Nilikuwa natandika kitanda niliposikia sauti ambayo sikutegemea kuisikia hospitalini. Matroni wetu, mama wa Kizulu, mzito, mkali, asiyecheka kabla ya saa nne, alikuwa amesimama katikati ya wodi anapiga vigelegele. Nywele zimesema hamna kitu. Nikadakia vya kwetu, na wengine wakadakia, hata yule dada wa chai, na mlinzi akaacha geti akaja mbio akidhani kuna moto. Alipoambiwa akaruka juu. "Si nilisema? Habatamuweza!" Wagonjwa wakauliza nani kajifungua, na sisi hatukuwa hata wodi ya uzazi.

Kesho yake Sista akarudi, akasimama pale pale alipokuwa amesimama siku ya kwanza. "Mimi nimesafishwa na nywele. Vitanda vinaanzia wapi?" Nilijivunia mtu yule kama nimemzaa.

Kamati nayo ilibadilisha jambo. Mwaka uliofuata, mtu anayefunga alipewa nafasi ya kupimwa asubuhi mlango wa maabara unapofunguka tu, kabla ya foleni, ili asilazimike kujijaza maji. Sista aliwaandikia akalidai hilo wakati yeye mwenyewe alikuwa anakaribia kumaliza na halimfai tena. Nilimuuliza anahangaikia nini. Akasema nyuma yake wanakuja wengine, na wengine nao wana mashoga wenye uji.

Alimaliza mpango, akarudishiwa kila kitu, funguo pia, kisha akatuacha. Hospitali moja ya Midrand, kaskazini mwa jiji, ilimpa wodi ya upasuaji aisimamie. Alihamia huko na binti, na kama ilivyo Johannesburg, mtu akihama mitaa kumi ni kama amevuka nchi. Tukabaki na simu za Idi na picha za sambusa zake, ambazo kwa kweli zilikuwa zimepinda.

Mwaka jana kifuko changu cha nyongo kilijaa mawe, nikapelekwa kupasuliwa Midrand. Sikumwambia mtu, nilidhani ni jambo dogo. Niliamka mchana, tumbo linawaka, sijui niko wapi, namwita mama yangu aliyefariki zamani. Nikasikia mtu anasema, kwa Kiswahili cha Tanga, "Mama yako hayupo zamu. Nipo mimi."

Alikuwa amekonda kidogo. Mvi zilikuwa zimechungulia kwenye paji la uso na hakuzirudisha ndani. Nyuma yake alisimama muuguzi kijana na sinia ndogo ya chuma. Juu ya sinia palikuwa na sindano na kichupa, na mimi niliyefanya kazi wodini miaka yote ile nilijua kichupa kile ni cha nini. Maumivu yalikuwa makali, lakini niliuangalia mkono wake tu.

Alivunja shingo ya kichupa, akavuta dawa, akaiinua kwenye mwanga, akamwonyesha mwenzake kipimo, mwenzake akaitikia.

"Bado inakuita?" nilimuuliza. Dawa ya usingizi huondoa adabu.

"Kila siku," alisema. "Imezoea kwamba sijibu." Akanifunga mpira juu ya kiwiko, akaupapasa mshipa, akaupata. "Tulia sasa, mdogo wangu. Hii ni yako. Yote."

Nilihisi inaingia, joto likapanda begani, kisha tumbo likaanza kuniachia, polepole, mpaka nikaweza kupumua hadi chini. Sista alisubiri sindano ikaisha kabisa, akaigeuza nione kwamba ni tupu, akaniweka sawa shuka. Nilitaka kumwambia kitu, ulimi ukawa mzito. Alikuwa ameshageukia kitanda cha pili, kwa bibi mmoja aliyekuwa anagumia, na kabla usingizi haujanichukua nilimsikia akimwambia kwa Kizulu maneno yale yale aliyoniambia mimi: hii ni yako, yote.